Salamu Ndefu za Mzee Sule

Tarehe 30 Juni 1999 Mzee Sule Jale anastaafu, baada ya miaka ishirini katika kituo chetu cha kurekodi sauti hapa Arua Hill. Alianza 1979, mwaka mbaya wa kuanza kazi yoyote. Vita vilipofika alivuka mpaka kuingia Zaire na familia yake, godoro moja na maiki ya kituo. Maiki aliirudisha nzima. Godoro hatujui liliishia wapi.

Mafundi wengine humwambia mgeni ahesabu moja hadi kumi ili wapime sauti. Sule alikataa, akisema anayehesabu hutoa sauti ya darasani. Yeye alisalimia, kama wanavyosalimiana kwao Koboko: watu wa nyumbani, mvua, mihogo, mbuzi. Alivaa hedifoni na kurekebisha miksa polepole huku mgeni akijibu, na mashine ikirekodi yote. Tulilalamika kwamba anamaliza kanda.

Kompyuta ilipokuja 1997, hakulala kwa udadisi. Mistari ya kijani ilicheza kwenye kioo, sisi tukafurahi. Yeye akauliza: hiyo ni sauti ya wapi? Akaikwaruza maiki kwa ukucha. Mistari haikushtuka. Kumbe kompyuta ilikuwa ikisikiliza kijimaiki chake yenyewe pale mezani, na kurekodi feni yetu kwa bidii.

Mtihani mkubwa ulikuja na Mama Rosina wa Koboko, mtu wa mwisho aliyeujua wote wimbo wa mavuno wa ukoo wake. Alikuwa mgonjwa, na wanawe walimleta kabla hawajachelewa. Baada ya salamu tukamvisha hedifoni ajisikie. Alianza vizuri, akapunguza mwendo, akanyamaza. Tukarudia, ikawa vilevile. Wanawe wakainamisha vichwa, wakidhani mama ameusahau. Sule alibadilisha waya, akabadilisha maiki, bure. Mwishowe akamuuliza mwenyewe.

"Iko mutu ndani ya hii kitu," Rosina akasema, "anaimba nyuma yangu. Mimi nangoja yeye afike."

Sule akazivaa zile hedifoni, akakohoa, akasikia kikohozi chake kikija kwa kuchelewa. Kompyuta ilikuwa ikiishika sauti kidogo kabla ya kuirudisha. Akazichomoa hapo, akazichomeka kwenye miksa, ambako sauti hupita kabla ya kufika kwenye kompyuta. Rosina akaimba mpaka mwisho. Makofi yetu yamo kwenye rekodi hadi leo, na Sule hajatusamehe.

Mama Rosina alifariki mwaka uliofuata. Wanawe walipokuja kuomba nakala nyingine tulidhani wanataka wimbo tena. Wimbo, walisema, watoto wameshajifunza kwenye kanda tuliyowapa siku ile, na wanauimba shambani tayari. Walitaka pale mwanzo, mama anapomuuliza Sule kama mihogo yake imeota, kisha anacheka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamikia salamu zako, Mzee. Ahsante sana. Tunakupenda, na tutakukosa. Nenda Koboko salama, mihogo iote, na kila atakayekusalimu umjibu kwa kirefu. Jana ulipokuja kutuaga ulituuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, nasi tukakujibu bila haraka. Mashine ilikuwa inarekodi.