Faradji, Mwamuzi wa Krosi, Anatuaga

Tarehe 31 Desemba 1958, Mzee Faradji, fundi wa injini za mashua, atastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya bandarini Gisenyi. Injini iliyomshinda hatuijui. Sauti yake akiitukana iliyogoma, hiyo tunaijua sote, na wateja wetu pia.

Wengi watamkumbuka kwa krosi, mchezo wa mpira na fimbo. Padri mmoja wa Kanada alituletea mchezo huo mwaka 1950. Fimbo tulizichonga wenyewe, na nyavu za vichwani mwake tukazisuka kwa nyuzi za wavuvi. Faradji akawa mwamuzi. Alitufundisha kwamba kila upande una watu kumi. Mpira hubebwa kwa wavu, wala hauguswi kwa mkono ila na kipa. Mshambuliaji haingii katika duara la goli. Ruksa kuigonga fimbo ya mwenzako ili mpira udondoke. Kichwa chake, marufuku. Hilo alilirudia kila Jumapili mpaka tukamcheka.

Mwaka 1953 tulicheza na wavuvi. Mmoja wao, Bimenyimana, alimpokonya mpira Dauda, seremala wetu na mdogo wake Faradji. Watazamaji wakamzomea Dauda. Dauda akainua fimbo kwa mikono miwili, akampiga kichwani. Bimenyimana alifariki kesho yake, akamwacha mkewe Nyirasafari na mimba.

Wachezaji walikubaliana kuwaambia polisi kwamba marehemu aliteleza, akaangukia jiwe. Dauda akamfuata kaka yake karakanani.

"Yaya, kaka yangu, sema tu aliteleza. Batu yote iko nasema vile."

"Mi niliona fimbo," Faradji alijibu. "Bibi ya marehemu akiniuliza, nitamuambia nini?"

Alisema alichokiona, na Dauda akafungwa. Mama yao hakupokea tena chakula kutoka kwa Faradji hadi alipozikwa. Hapa kazini watu walihama benchi alilokalia. Fimbo zilichomwa uani, na krosi haikuchezwa tena Gisenyi.

Nyirasafari alikuja mara moja, mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni, akasema, "Aksanti, muzee. Wengine wote walinidanganya." Faradji alimwinamia, akarudi kwenye injini yake. Siku ile hakuitukana.

Dauda alitoka gerezani mwaka jana, akavuka kwenda kuishi Goma. Faradji amekwenda kumwona mara nyingi. Hubisha hodi, husikia nyundo ikinyamaza ndani, kisha hakuna anayejibu. Sasa amepanga chumba mtaa huohuo. Tulipomuuliza kwa nini asipumzike hapa nyumbani, alisema, "Ni mudogo wangu. Iko peke yake kule."

Mzee Faradji, asante kwa kazi ya mikono yako. Nenda salama, uishi kwa amani, na Dauda akufungulie mlango.

Kadiri, kwa niaba ya mafundi wenzako