Dakika Thelathini za Zadock

Benchi letu liko Rashidiya, huku kwa Waarabu, ubavuni mwa mkahawa wa karak, chai yao ya maziwa, mahali ambapo baada ya Alasiri kivuli cha jengo hufika ukutani na joto likapungua kidogo, si sana. Karak hatunywi. Awadh, Mmombasa anayepeleka vipuri vya magari kwao, huja na dele lake la kahawa chungu, na kwa kuwa hakuna jambo asilolijua tunamwita Kamusi. Pius, Mtanzania wa ghala moja la Jebel Ali, ni VAR, maana neno likishasemwa yeye hulirudisha nyuma alitazame upya. Jumamosi ile ya fainali ya Kombe la FA, City na Crystal Palace, walibishana kama mechi itaishia dakika tisini au itaongezwa thelathini. Mimi ubishi wa bure hunichosha, lakini huu ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni Zadock, mlinzi kutoka Kakamega. Alinunua jezi ya mtumba sokoni Gikomba, mistari myekundu na ya buluu, akidhani ni ya Barcelona. Akaivaa mwaka mzima, mpaka alipofika huku na Mwingereza mmoja akamkumbatia getini, akamwambia hiyo ni Palace. Badala ya kuitupa jezi, Zadock akahama timu. Sisi bado tunamwita Barsa. Sasa Palace, ambao hawajawahi kutwaa kombe kubwa hata moja, wamefika fainali.

Shida ni basi la kampuni. Huwaleta walinzi mjini Jumamosi na kuwarudisha kambini Muhaisnah saa tatu na nusu usiku, na majina husomwa mlangoni pa basi. Asiyekuwepo huandikiwa barua ya onyo. Zadock anazo mbili. Ya tatu inafuta likizo, na Alhamisi alikuwa apande ndege akamwone bintiye, aliyemwacha ana miezi minne na sasa ana miaka mitatu. Mechi inaanza saa moja na nusu. Ikiisha kawaida, anakimbia anawahi. Ikiongezwa, khalas, kwisha.

— Si utoke tu dakika ya tisini? nilimuuliza.

— Nimejiambia hivyo tangu Monday, alisema Zadock. Siwezi. Najijua.

Nilimwonea huruma kweli, maana hakuwa akitania.

Kamusi akamtuliza kwamba tisini zinatosha. City wametoka mbali, na treni ya kurudi Manchester haingoji mtu, kwa hiyo refa naye ana basi lake la kuwahi. VAR akarudisha nyuma: treni si hoja, wenye televisheni wanataka matangazo, basi lazima zifike mia na ishirini, kisha matuta ya penalti.

— Sikiza, Zadock, alisema Kamusi. Nembo ya Palace ni tai. Ndege hakai nje giza likiingia. Watamaliza mapema.

— Mzee Awadh, London mwezi huu jua linazama karibu saa tatu zao, alisema VAR. Huyo tai ana muda wote duniani.

Kamusi akanywa kahawa, akahamia kwenye mistari ya jezi, kwamba inamtia kipa kizunguzungu, kwa hiyo bao litapatikana mapema. VAR akainama, akapunguza sauti. Ghalani kwao, alisema, kuna katoni zimeandikwa zisifunguliwe kabla ya Jumapili. Jezi za bingwa, zimeshachapwa. Tukamuuliza za rangi gani. Akasema zimefungwa kwa nailoni nyeusi.

Zadock alisikiliza yote hayo kama mtu anayesomewa majibu ya vipimo.

Caren, binti wa Nakuru aliyeanza kazi ya usafi wiki mbili zilizopita, alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Hapo ndipo alipouliza.

— Na dereva wa hilo basi, yeye anashabikia nani?

Kamusi na VAR wakaacha kubishana.

— Nauliza tu, jamani. Kama naye ni mtu wa mpira, si atakuwa anaangalia pia? Basi haliwezi kuondoka bila yeye.

Tukamgeukia Zadock. Miaka mitatu anakaa kiti cha nyuma ya dereva, kwenda na kurudi.

— Huwa tunamwita bhai tu, yaani kaka, alisema.

— Jina lake? aliuliza Caren.

Zadock hakulijua. Majina ya wachezaji wa akiba wa Palace anayo yote, mpaka kipa wa tatu.

Basi lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wazi, dereva amekaa kwenye ngazi akijipepea na gazeti. Kamusi, bila kuambiwa, akajaza kikombe na kukitoa mbele. Zadock akakipokea kwa mikono miwili, akavuka nusu ya barabara, akasimama, akageuka.

— Mzee Awadh, aliita. Nimsalimie kwa lugha gani?

Kamusi alinitazama mimi, mimi nikamtazama VAR.