Mama Kimya Anaondoka na Masikio Yake

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne Mama Kimya ameitumikia Idara yetu ya Habari hapa chuoni, na Ijumaa hii, saa sita mchana, anakabidhi funguo za studio na kustaafu. Anayeandika ni fundi wake msaidizi, yaani mimi, kijana ambaye husikia betri ya maikrofoni ikifa siku mbili kabla haijafa, na ambaye, tukiweka unafiki pembeni, ndiye fundi bora aliyewahi kukanyaga jengo hili. Mkuu wa Idara aliponipa kazi ya kuandika programu hii ya sherehe ya kumuaga alinionya mambo mawili: niandike aya fupi, na nisijisifu. Kwenye aya nitajitahidi.

Wengine wangeweza kuandika, sikatai. Wahadhiri wana vyeti mpaka kuta za ofisi zimejaa, na mimi shule niliiacha njiani kabla haijaniacha yenyewe. Lakini wao wamezama kwenye kusahihisha mitihani, na hakuna aliyekaa chumba kimoja na mama huyu miaka saba isipokuwa mimi. Miaka saba ya kumwonea wivu. Nasema mapema, mtu asije akadhani amegundua kitu.

Alianza hapa akiwa mpokea wageni, kwenye meza ile ya mlangoni yenye kitabu cha kusaini. Siku moja fundi wa zamani hakuja kazini, wanafunzi walikuwa wanarekodi taarifa ya habari, na kila walichorekodi kilitoka na mlio kama wa nyuki ndani ya kopo. Waliokuwepo walifungua kila kilichofungulika. Yeye akainuka, akasimama mlangoni mwa studio, akainua kidole kimoja, watu wakanyamaza. Kisha akatoka koridoni akazima taa ndefu iliyokuwa ikikata roho darini. Mlio ukakoma. Wiki iliyofuata akahamishiwa studio, na jina la Mama Kimya limetokana na kidole kile.

Masikio yale hakuyapata darasani. Mumewe ni fundi saa, na sebule yao ina saa za wateja zaidi ya arobaini, kila moja na mwendo wake. Mzee huyo aliwahi kuniambia kwamba mkewe akiwa jikoni anakaanga vitunguu humpigia kelele, "Baba, ya tatu kutoka dirishani inachelewa!" Naye huenda kuitazama, akakuta ni kweli. Niliposikia habari hiyo nami nikaenda kutundika saa mbili chumbani kwangu. Zilinikosesha usingizi, basi.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, haikuwa kwenye waya. Ilikuwa kwa washauri. Kwa wasiowajua, hawa ni watu sita ambao Idara huwaita mara mbili kwa mwaka waiambie inapokosea. Watatu wanatoka kazini kwenyewe: gazetini, redioni na kwenye televisheni. Watatu ni wasomi wa vyuo vingine. Zamani walikuwa wakikaa ghorofani, kwenye ile meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa karatasi zilizokunjwa, wakagombana mpaka chai ikapoa. Yule wa redioni, mkuu wa matangazo tunayemwita Mzee wa Redio, alikuwa akigonga meza: "Nileteeni kijana anayejua kubonyeza!" Profesa wa Maadili naye hajibu ila kwa swali: "Abonyeze bila kujua kwa nini anabonyeza?" Asubuhi ikawa imeishia hapo. Mihtasari ya vikao vile nimeisoma. Kuna ukurasa mzima wa kubonyeza.

Aliyekuwa akiwapandishia chai ni Mama Kimya. Katika mwaka wake wa tisa aliweka sinia chini, akasema, "Wazee wangu, samahani. Mnawagombania watoto ambao hamjawasikia." Akawashusha ngazi wote sita mpaka studio, akawakalisha, akawanyang'anya kalamu, kisha akawachezea kazi tatu za wanafunzi zikiwa mbichi: hazijakatwa, hazijasafishwa, hazina jina la mtu. Zilipoisha kila mmoja aliruhusiwa kusema jambo moja tu, alichosikia. Si anachofikiri. Alichosikia. Mzee wa Redio akasema amesikia binti anayeogopa jibu la swali alilouliza mwenyewe. Profesa wa Maadili akakohoa, akasema naye kasikia hivyo hivyo. Inasemekana ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kukubaliana tangu wajuane.

Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi ya Bodi ya Washauri: kazi mbichi kwanza, maneno baadaye. Na yeye akawekewa kiti, cha saba, karibu na dirisha.

Kiti hicho, jamani, kimeniumiza roho mimi. Washauri wakiingia wanamwamkia yeye kabla ya Mkuu wa Idara. Profesa wa Maadili akimwona huinuka mpaka miwani inamteleza puani. Akiniona mimi huniuliza choo kiko upande gani. Miaka saba, na bado choo hajakijua! Vikao vyote hivyo nimevihudhuria nikiwa nimesimama mlangoni na waya begani, mtu mwenye kipaji changu, kama mwavuli uliosahauliwa.

Kuna mwaka ambao redio ya yule mzee ilipatwa na mkwaruzo hewani. Nikatumwa kusaidia. Siku tatu nilikuwa chini ya meza za watu, nikabadilisha kila waya niliouona, hata mmoja uliokuwa wa simu. Mkwaruzo uko pale pale. Siku ya tatu Mzee wa Redio akampigia Mama Kimya, aliyekuwa likizo, akamwomba asikilize kwa simu. Mama akasikiliza muda wa kumenya viazi viwili, akasema, "Mwambieni mtangazaji wa asubuhi avue bangili." Ikawa ndiyo dawa. Wafanyakazi wa pale walicheka mpaka wakashikana mabega. Niliporudi ofisini aliniuliza kama nimekula, kisha akaniambia lile neno ambalo nimelimeza mpaka leo: "Mwanangu, wewe vidole unavyo. Ila unasikiliza kwa mdomo."

Kutoka kwenye kiti hicho ndiko kulikozaliwa Saa ya Masikio, somo ambalo wahitimu wetu wote wanalikumbuka hata wakisahau majina ya wahadhiri. Washauri walimuuliza angewafundisha nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yeye asiye na shahada. Akajibu, "Wakae tu." Wasomi wawili walinuna mwaka mzima kabla ya kukubali. Basi kila Jumanne saa mbili asubuhi wanafunzi huingia chumba cha kurekodia bila simu wala maikrofoni, wakakaa dakika arobaini, wakaandika kila wanachosikia.

Chumba hicho kina feni ya dari ambayo swichi yake ilikufa zamani. Ukitaka kuizima lazima upande kiti uchomoe waya. Mama Kimya huiacha izunguke makusudi. Wiki ya kwanza wanafunzi huandika ndege, pikipiki, tumbo la jirani. Feni hakuna anayeiandika, nayo iko juu ya vichwa vyao inakoroma kama mjomba aliyeshiba. Ikifika wiki ya sita au ya saba, mmoja huacha kuandika, akainua uso taratibu kuitazama dari. Mama humwinulia kidole, na siku hiyo huwa na furaha kama aliyepata mjukuu. Mtu aliyeisikia feni, husema, ataweza kumsikia hata waziri anapositasita. Mzee wa Redio hujigamba kwamba anaweza kuwachagua watu wa Saa ya Masikio bila kuona vyeti vyao. Mimi feni hiyo niliisikia wiki yangu ya kwanza kazini. Haya, ya tano.

Kikao chake cha mwisho kwenye kiti cha saba kilikuwa mwezi uliopita. Chuo kimeagiza vipindi vipunguzwe, kwa hiyo washauri walikuwa na swali moja zito: Saa ya Masikio iendelee baada ya Mama Kimya kuondoka, au wanafunzi wa siku hizi, waliokua na simu mkononi, wanakuja wakiwa tayari wanajua? Zilichaguliwa kazi tatu, zote mahojiano yaliyorekodiwa kwenye chumba kile kile cha feni, za wanafunzi wapya kabisa, ambao hawajakaa kwenye somo hilo hata mara moja. Kuziandaa nikakabidhiwa mimi.

Washauri wakashuka, wakasikiliza. Zilipoisha Mzee wa Redio akajipiga paja: "Hawa wamekuja na masikio yao!" Profesa wa Maadili hakupinga. Alisema amesikia utulivu ambao hakuutegemea. Ilipofika zamu ya Mama Kimya, hakusema alichosikia. Aligeuka mlangoni nilipokuwa nimesimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hawa walizima feni kabla ya kurekodi?"

Nikajibu, "Ndiyo, Mama. Walipanda kiti wenyewe."

Alinitazama. Akainua kidole nusu, kisha akakishusha juu ya goti. Pendekezo likaandikwa siku hiyo hiyo: Saa ya Masikio ifungwe, nafasi yake ipewe somo la kuhariri kwa simu. Waraka unaingia kwenye kamati ya mitaala Jumatatu, siku tatu baada ya sherehe hii, na ukishapita hapo haurudi.

Mkuu wa Idara alitaka niandike hapa kwamba somo linafungwa kwa sababu limefaulu. Ni sentensi nzuri sana. Niliiandika mara mbili, nikaifuta mara mbili.

Basi Mama, kwa niaba ya Idara, asante. Umepokea wageni, umepokea wanafunzi, umetupokea na sisi tuliokuja na midomo mirefu. Asante kwa kile chumba cha sauti ulichokizungushia magodoro ya bweni yaliyotupwa, ambacho wageni hudhani kilijengwa na wataalamu. Asante kwa chakula ulichonibebea kwenye kile kibakuli cha kijani kila Jumatatu, ukisingizia kwamba kimebaki, na mimi nikisingizia kwamba nimeshiba. Asante kwa kuwanyamazisha maprofesa, jambo ambalo wake zao wameshindwa. Tunakutakia afya, wajukuu wenye kelele za kiasi, na asubuhi nyingi za kukaa karibu na mzee wako mkizisikiliza zile saa arobaini bila mtu wa kukuita ukarekebishe kitu. Nenda salama.

Hapo ndipo Mkuu wa Idara anapojua maneno yangu yameishia. Yanayofuata hajayaona, maana programu hii nimeipeleka mwenyewe kwa mchapaji.

Siku moja kabla ya kile kikao, saa ya chakula cha mchana, nilikaa peke yangu na zile kazi tatu. Zilikuwa mbovu. Mmoja alimkatiza fundi viatu pale pale alipoanza kusema la maana. Mwingine amenasa mlango ukibamizwa, wala hajashtuka. Na zote, tangu mwanzo hadi mwisho, zina feni ile inayokoroma. Zilikuwa ndiyo hoja kamili ya kuibakiza Saa ya Masikio. Asingehitajika mtu kusema neno. Nami nikaziosha. Nikatoa feni, nikatoa mlango, nikaunganisha maneno ya fundi viatu mpaka akaonekana hakukatizwa. Dakika hamsini, kazi safi, hakuna mwingine mjini hapa angeiweza. Nilitaka mara moja tu katika miaka saba Mzee wa Redio asikilize, kisha aulize, "Nani kaandaa hizi?" Hakuuliza. Aliwasifu watoto.

Na asubuhi ile ya kikao, tukiwa tunapanga viti, Mama Kimya aliniambia kwamba akimaliza kuwasikilizisha atawaomba washauri Saa ya Masikio niishike mimi. Alisema mdomo wangu umeanza kupungua. Kazi zilikuwa zimeshaoshwa, ziko tayari kwenye kompyuta. Ningeweza kuzibadilisha kabla hawajashuka ngazi. Nilijiambia nitasubiri kwanza nisifiwe.

Mama aliisikia. Mtu anayesikia saa inachelewa akiwa jikoni hawezi kukosa feni iliyotolewa. Aliniuliza ili niseme mwenyewe, nami nikasema uongo. Akaacha somo lake lifungwe kuliko kuniumbua mbele ya watu.

Zile mbichi sikuzifuta. Wazee wangu washauri, programu hii mnaisoma mkiwa ukumbini, na studio iko ngazi moja chini yenu. Viti saba nimeshavipanga. Kabla ya hotuba na keki, shukeni dakika ishirini msikilize upya. Kalamu nitazipokea mlangoni. Mkishasikiliza, mtajua la kuandika kwenye waraka wa Jumatatu, na mtajua la kunifanya mimi.

Na wewe Mama Kimya, ulichoniuliza uliniuliza mbele ya watu, basi na jibu nakupa mbele ya watu. Feni haikuzimwa.