Jina la Rael Limekatwa kwenye Wimbo

Benchi la hapa Rodi Kopany ni langu. Nililigonga misumari mwenyewe ili wateja wakae nikiwashonea viatu, lakini mteja wa kweli hajapata nafasi tangu hawa watu waligundue. Yupo Elkanah, mwenye mashine ya kusaga mahindi, tunayemwita Volume kwa sababu miaka thelathini ya kelele imemfanya awe haongei, anatangaza. Yupo Javan, jina la kijiweni Sirare. Aliwahi kulala wiki moja Sirare, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na tangu hapo hakuna jambo la dunia asilolijua. Yupo Bravin Bando, fundi wa simu. Kahawa ya tangawizi ni ya Phelesia, na birika lake ndilo saa yetu: likikauka, kikao kimefungwa. Alhamisi ile Volume alikuja amenuna, akaweka simu katikati ya benchi.

VOLUME: Sikizeni wote. Halafu mtu aniambie Rael wangu ako wapi hapa ndani.

Tukasikiza. Gitaa, ngoma, sauti tamu. Dakika tatu, kwisha. Rael hayumo.

Nieleze kidogo. Mwaka jana bendi ya wimbo huu ilipiga kule Kisegi, alikozaliwa Rael, mke wa Volume. Rael alikuwa amezikwa miezi miwili tu kabla. Kwetu, mtu akitaka kujigamba kwenye onyesho anainua mkono, anatoa noti, na muziki unasimama. Ndiyo pakruok hiyo. Volume akainua mkono, gitaa likanyamaza, akatangaza: “Mimi ni bwana ya Rael nyar Kisegi, binti ya Kisegi, mama aliyelisha njaa mpaka njaa ikashiba!” Mwimbaji akalirudia jina mara tatu ndani ya wimbo, watu wakalia na kucheza kwa pamoja. Wiki hii wimbo uleule, uliorekodiwa palepale Kisegi, umetolewa mtandaoni.

BANDO: Lakini mzee, si ngoma ni moto? Imetoka juzi, na saa hii wanaidundisha mpaka Migori.

VOLUME: Moto gani bila kuni! Nimesikiza mara kumi na nne. Nilidhani jina wameweka mwisho, kama baraka za kanisa.

BANDO: Siku hizi wimbo ni dakika tatu, budaa. Ikizidi hapo, watu wanaruka.

VOLUME: Waruke! Wataangukia wapi? Wimbo yetu haijawahi kuwa na haraka. Unaanza umekaa, majina yanatajwa, mtu analia kidogo, ndio gitaa inapanda unainuka. Sasa hii unainuka kabla hujakaa!

SIRARE: Mnalaumu bure. Hiyo haikukatwa na binadamu. Kule ng'ambo kuna mashine inasikiza kila wimbo ya dunia. Jina isilolijua, inatoa. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

PHELESIA: Guu ya nani, Sirare?

SIRARE: Ya mashine.

BANDO: Mashine haina guu!

SIRARE: Si ndio nakwambia imevunjika!

Nilipigilia msumari kwenye soli ili nisicheke mbele ya mtu mwenye msiba.

SIRARE: Na hayo majina hayatupwi. Yanawekwa stoo. Siku moja watawauzia. Unataka kusikia jina ya bibi yako? Nunua bando ya mwezi.

PHELESIA: Yawa! Hata ya marehemu?

SIRARE: Ya marehemu ndio ghali. Kizuri chajiuza.

BANDO: Mimi nina dawa. Tuchukue simu mia moja, tuweke wimbo icheze bila sauti siku nzima. Ikipanda namba moja, bendi watasikia aibu, watarudisha ile ndefu.

VOLUME: Bravin, unataka niwape chakula ndio waache kuniibia?

Hapo Volume akasimama, na watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka.

VOLUME: Jumamosi wanapiga Homa Bay, mchana kweupe. Naenda. Nitainua mkono, na hiyo gitaa haitalia tena mpaka jina irudi. Wakinitoa nje, nitasimama kwa geti nitangaze bila spika. Wao wanajua kuruka wimbo. Rael si wa kurukwa! Hata mimi sirukwi!

Nilimpenda sana mtu yule wakati ule. Phelesia alipiga kigelegele, Bando akaapa kwenda naye, hata Sirare akasema atafunga kibanda Jumamosi, ingawa kibanda chenyewe hatujawahi kukiona.

Kumbe wakati wote huo alikuwepo mama mmoja amesimama pembeni, mguu mmoja peku, akisubiri sandali yake. Alikuwa mgeni, alisema jina lake ni Lorine, na hakuna aliyempisha akae. Nilipomkabidhi sandali, akamgeukia Volume.

LORINE: Baba, pole sana kwa mama. Yeye alikuwa anapenda wimbo gani?

VOLUME: Nani?

LORINE: Mama Rael.

Volume akamtazama Phelesia.

VOLUME: Si mlikuwa na yeye chama moja?

PHELESIA: Kwa chama tulikuwa tunaongea tu, jaduong', mzee wangu. Mambo ya muziki ulikuwa unaenda wewe. Yeye alikuwa anabaki na mashine.

Sirare alitafuta methali, akakosa. Bando akaichukua simu kutoka kwenye benchi na kuitia mfukoni. Volume akaketi polepole, na alipoongea, ilibidi niache nyundo ili nimsikie.

VOLUME: Alikuwa anaimba. Akifunga magunia pale, nilikuwa naona midomo inacheza. Kila siku.

LORINE: Alikuwa anaimba nini?

Phelesia aliinamisha birika juu ya kikombe cha Volume. Likatoa matone mawili ya machicha, basi.

VOLUME: Mashine ilikuwa inanguruma, nyathina, mwanangu. Sikuizima hata siku moja.