Neno Lililompa Kadii Kombe

Katika tuktuk ya kwenda Malindi, Kadii alikuwa amepakata kombe la shindano la Kiingereza. Mzee Manilal, muuza vitambaa aliyeketi kando yake, akamuuliza kalipataje.

"Kwa neno 'glare', babu. Ni kumkodolea mtu macho kwa hasira."

"La, mwanangu! Hilo ni mwanga mkali, kama wa jua juu ya chumvi kule Marereni."

"Jaji naye alishikilia hivyo hivyo. Nikamwambia lilianza kwa mwanga, kisha likahamia machoni, kwani mwenye hasira macho yake huwaka. Kamusi ikafunguliwa, ukumbi mzima ukanishangilia!"

"Mimi bado nasema ni mwanga."

"Niwie radhi, babu," Kadii akasema, akamtolea macho makali.

Tuktuk ikasimama sokoni. "Sijui ni mwanga au ni hasira," mzee akasema akishuka huku akicheka, "ila nimeungua."