Maman Constance Nsimire, Mulinzi wa Miwa ya Ruzizi

Padri wetu, papa na maman wote mliofika, majirani wa Cimpunda, na ninyi mliopanda kutoka plaine, uwanda wa Ruzizi, tangu jana, familia ya Balagizi na familia ya Muhigirwa zinawaomba utulivu kidogo, mkaribie hapa penye jeneza, msikilize njia ambayo maman Constance Nsimire Balagizi aliipita hapa duniani, kama tulivyoiona sisi watu wa nyumba yake, na kama wengine walivyotusimulia wiki hii mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia.

Alizaliwa Walungu tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa muzee Balagizi, mlimaji wa maharagwe na ndizi, na maman Lucie, muuzaji wa mtama sokoni, na wale waliokua naye wanamkumbuka kama mtoto aliyeuliza sana, ambaye jibu la kwanza halikumtosha, hata katekista akawa anamwita wa mwisho ili somo lifike mwisho kwanza. Alisoma shule ya msingi kwa masista palepale Walungu kuanzia 1963, katika miaka ambayo masomo yalikatika mara kwa mara kwa sababu ya vita, kisha mwaka 1970 akateremka hapa Bukavu kwa sekondari, akapata diploma yake Juni 1976, na muzee Balagizi, ambaye ndugu zake walimshauri amuoze, akauza ng'ombe wake wa mwisho na kumtuma binti yake mbali sana, Yangambi, kando ya mto mkubwa, akasomee kilimo. Alirudi Julai 1981 akiwa agronome, mtaalamu wa kilimo, na siku ile baba yake alimtembeza Walungu nzima, akitaka tu watu wamuone.

Tarehe 2 Februari 1982 alianza kazi katika kiwanda cha sukari cha uwanda wa Ruzizi, huko chini ambako joto linamshangaza kila mtu wa Bukavu, na akakabidhiwa kitalu cha miwa, yaani shamba dogo ambamo miwa iliyo bora huchaguliwa, ikakatwa vipande na kuoteshwa, ili mashamba makubwa yasikose mbegu safi. Kulikuwa na miwa ya kila tabia, mwingine ukivumilia jua, mwingine ukikataa magonjwa, mwingine ukiiva mapema kabla ya wenzake, na mingi ilikuwa imechaguliwa palepale kwa miaka mingi na agronome waliomtangulia, hata ikawa haipatikani hivyo pengine popote. Maman Constance aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote, na watu wa zamani wa kiwanda wanasema kwamba akipita kati ya mistari aliweza kuonyesha mmea mmoja unaougua katikati ya shamba zima lenye afya.

Huko kiwandani alikutana na papa Isidore Muhigirwa, fundi wa mashine za kukamulia miwa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, wakafunga ndoa takatifu tarehe 21 Julai 1984 katika parokia ya Kadutu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Delphin aliyezaliwa 6 Mei 1985, na Ariane aliyezaliwa 30 Septemba 1988, ambao wako hapa mbele yenu.

Vita vya Oktoba 1996 vilikuta kiwanda kikiwa tayari kimechoka, mashine zikanyamaza, watu wakatawanyika, na familia hii ikapanda milima ya Ngomo kwa miguu hadi Bukavu, ikapanga nyumba ndogo Cimpunda, ileile mnayoijua. Mwaka 1998, mwezi wa Agosti, vita vya pili vikiwa vinaanza, papa Isidore aliteremka plaine kwenda kuangalia kama mashine zake zingali pale, na hakurudi tena, wala hatukupata kaburi la kumlilia. Maman Constance alibaki mjane wa miaka arobaini na mmoja, akawalea watoto kwa kuuza sukari mlangoni, akiipima kwa kikombe, sukari iliyoletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, na Ariane anasema kwamba mama yake hakulia alipolifungua gunia la kwanza, ila alichukua punje chache mkononi, akazitazama, akasema kwamba mji mzima sasa unakunywa chai kwa jasho la watu wa mbali wakati plaine yao imelala.

Machi 2001 alipanda kamioni ya ndizi akateremka mpaka kwenye kitalu chake cha zamani, akakuta majani yamekimeza, sehemu moja imechomwa, sehemu nyingine imelimwa mihogo na watu wenye njaa ambao hakuweza kuwalaumu, na miwa iliyobaki ikikatwa ovyo kwa kutafunwa njiani. Hakuwa na shamba, hakuwa na mshahara, hakuwa na ofisi ya kuiandikia, kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akakata vipande vya kila aina, akavigawa nyumba kwa nyumba, kutoka Kamanyola hadi Luvungi, hadi Sange, zaidi kwa wanawake ambao vita viliwaacha peke yao, kila nyumba aina moja tu ili zisichanganyike. Maman Emérence wa Luvungi, ambaye yuko nasi leo, ametuambia maneno aliyopewa siku ile, naye tunamwamini.

"Tafuna, uuzishe, ufanye nayo yenye unapenda," maman Constance alimwambia, "lakini kila mvua ikianza unipandie mustari moja, usiache ipotee."

Na kila mwaka mvua ilipoanza yeye mwenyewe aliteremka, barabara ikiwa nzuri au ikiwa imekatika, kukiwa na amani au kukiwa na barrière, vizuizi vya watu wenye silaha barabarani, akaingia nyumba hizo moja baada ya nyingine, akaangalia miwa nyuma ya jikoni na kando ya mifereji, aliyefiwa akampa pole, ambaye miwa yake ilikauka akampelekea mbegu kutoka kwa jirani. Sisi watoto na ndugu tulidhani anakwenda kutafuta bidhaa. Watu wa plaine walikwisha kusahau majina ya kizungu ya miwa ile, wakawa wanaiita kwa majina ya walezi wake, muwa wa Emérence, muwa wa Joviale, na ndivyo inavyoitwa mpaka leo.

Mwaka 2013 kampuni moja ya wenye mitaji ilileta wajumbe Bukavu, wakakutana na wakubwa katika hoteli moja ya ufukweni, wakaeleza kwamba eneo lote hili linanunua sukari nje, kwamba walaji wanaongezeka, kwamba plaine ina maji, jua na mpaka wa kuuzia, na kwamba hakuna biashara yenye kesho nzuri kuliko hii, ila kuna mizigo miwili, mbegu ya miwa lazima iagizwe ng'ambo na kusubiriwa miaka, na mashamba lazima yaondolewe watu. Maman Constance alikuwa amealikwa kama agronome wa zamani, na ulipofika wakati wa maswali aliomba jambo moja tu, kwamba wateremke naye.

Waliteremka, na Monsieur Hervé, injinia aliyeongoza wajumbe hao, mtoto wa Uvira aliyesomea Ulaya, ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Anasema kwamba kuanzia Kamanyola, kila mara gari liliposimama na yule maman akashuka, wanawake walitoka nyuma ya nyumba zao wakiwa wamebeba miwa begani, mirefu, minene, isiyo na ugonjwa, kila mmoja akitaja jina la wake, na mpaka wanafika Sange aina zote za kitalu kile zilikuwa zimepita mbele ya macho yake, zikiwa hai, baada ya vita viwili, bila uzio na bila mlinzi. Anasema alivua kofia bila kujua kwa nini, akamuuliza nani aliyemtuma kufanya kazi ya taasisi nzima.

"Hakuna mutu alinituma," maman Constance alijibu. "Niliona itakufa."

Palepale shambani wajumbe walimwahidi cheo cha mkurugenzi wa kilimo, na nyumba, na gari, ili awape miwa ile na awasaidie kuwashawishi watu wahame. Wanawake walikuwa wamesimama karibu, wanasikia, na maman Emérence anasema kwamba aliogopa, kwa kuwa yeyote kati yao, angepewa hayo, angekubali.

"Hii miwa haiko yangu, Monsieur Hervé," alisema. "Iko ya hawa bamaman benye balilinda. Kama munaitaka, muandikishane nabo mukataba, na mashamba yao ibakie yao."

Kampuni ilikataa sharti hilo, ikaondoka. Hatutaficha kwamba wengi walimkasirikia, hata hapa mtaani, wakisema amefukuza kiwanda na kazi za vijana, na aliyeumia zaidi ni Delphin, fundi kama baba yake, ambaye hakuwa na mashine hata moja ya kugusa, na ambaye ameturuhusu tuyaseme haya mbele yenu.

"Ulikatala kiwanda, maman," alimwambia, "na sisi ulitukatala pamoja nacho."

Alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, akakaa huko miaka bila kumwandikia mama yake, naye maman Constance akaendelea kupima sukari ya wageni mlangoni na kuteremka plaine kila mvua, na alipoulizwa kama anajuta, alijibu kwamba mtoto ana haki ya hasira yake.

Mwaka 2019 Monsieur Hervé alirudi, ameiacha kampuni ile, akileta wenye mitaji wengine, wadogo zaidi na wavumilivu zaidi, na wazo la kinu cha sukari cha kiasi ambacho kingenunua miwa kwa wakulima wenyewe, waliokusanyika katika koperative, chama chao cha ushirika, kila mmoja kwenye shamba lake. Mazungumzo yalichukua muda mrefu, maman Constance akisoma kila sharti kwa sauti, kwanza kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, mpaka mama wa mwisho aelewe, na mbegu yote ikatoka nyuma ya jikoni zile. Kinu kilipotafuta mafundi, yeye mwenyewe alituma habari Shabunda, na Delphin akaja.

Tarehe 9 Agosti 2023 sukari ya kwanza ilipikwa. Walioruhusiwa kuingia walisimama mbele ya kioo kidogo cha chungu kikubwa, ambamo asali nzito ya miwa, ya kahawia iliyokolea, ilikuwa inachemka, na ghafla ndani ya weusi ule punje zikaanza kung'aa, kama nyota zinapojitokeza, nyingi, kisha nyingi zaidi. Delphin alikuwa kwenye mashine. Mama yake alimwendea, akaushika mkono wake uliojaa mafuta, akausogeza kwenye kioo, wakatazama pamoja.

Kinu hicho bado ni kidogo, barabara bado ni mbaya, na sukari ya nje bado imejaa sokoni, maman Constance hakumdanganya yeyote kuhusu hayo. Mwaka huu, mwezi wa Juni, moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba, akatibiwa hapa mjini, akapata nafuu, akaanguka tena mwanzoni mwa Novemba, na Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na Ariane upande huu na Delphin upande ule, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Cimpunda ambao hawakuacha nyumba yetu bila moto jikoni, watenda kazi wenzake wa zamani na wa sasa, Monsieur Hervé, na koperative nzima. Jana tulikuwa tumetayarisha viti vya ndugu na marafiki, ndipo kamioni zikaanza kufika kutoka Kamanyola, Luvungi na Sange, mtaa ukajaa mpaka barabara ikafungwa, na kila mama aliyeshuka alipoulizwa yeye ni nani kwa marehemu, alijibu kwamba yeye ni wa nyumbani. Tuliongeza viti, vikaisha, tukatandika mikeka, ikaisha, na sasa mmesimama hadi kule chini tusikoona mwisho wenu, nasi watoto na ndugu zake tunawatazama na kuelewa leo ukubwa wa nyumba yetu.

Maman Constance, kazi imefika mikononi mwa wenyewe. Pumzika sasa, na amani ya Bwana ikufunike.