Mama Kizibo na Mivinyo ya Rafu ya Chini

Kwa Uongozi wa hoteli, kwa wakuu wa idara, kwa wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, na kwa familia ya mstaafu iliyofika leo: pokeeni salamu zangu za heshima.

Madhumuni ya maandishi haya ni mawili. Kwanza, ni kumuaga, kwa niaba ya idara ya chakula na vinywaji, msimamizi wetu wa mvinyo, ambaye sote tunamwita Mama Kizibo. Pili, ni kuweka mbele ya Uongozi ombi lililokwisha kusemwa kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili likajibiwa kwamba litaangaliwa. Naomba radhi kwa kuchanganya kuaga na kuomba katika karatasi moja. Nafasi nyingine haitapatikana, kwa kuwa anayehusika anaondoka leo.

Mama Kizibo anastaafu leo, tarehe thelathini, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo hoteli imebadilisha mazulia, lifti, rangi ya kuta na mameneja kadhaa. Yeye amebaki palepale, ingawa magoti yake, kwa maneno yake mwenyewe, yaliomba uhamisho zamani na hayakujibiwa. Ngazi za kushukia stoo ya mvinyo ni zilezile, na taa ya kona ya pili bado inawaka inapotaka.

Aliajiriwa kuosha glasi. Huko nyuma ya jiko, mikono ikiwa kwenye maji ya moto, aliona kwamba glasi za mvinyo mwekundu zilirudi zikiwa nusu, huku sahani za samaki zilizoandamana nazo zikiwa zimefutwa kwa mkate. Akaamua kwamba mvinyo ule, uliokuwa wa jina kubwa, ni mbaya. Akamwambia hivyo mkuu wa wahudumu wa enzi hizo, mtu mpole aliyetembea na kizibuo mfukoni hata siku za mapumziko.

Mkuu yule hakumkaripia. Alimmiminia funda la mvinyo uleule, akampa kwanza kipande cha samaki, kisha kipande cha nyama ya kondoo. Kwa samaki, kinywa kilikauka na kubaki na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba ufunguo. Kwa kondoo, mvinyo ulilegea na nyama ikawa tamu zaidi. "Umeona, binti?" alimwambia. "Chupa haina kosa. Sisi ndio tumeikutanisha na asiye wake." Tangu siku hiyo Mama Kizibo hakuuliza tena kama mvinyo ni mzuri. Aliuliza unaliwa na nini.

Mkuu huyo alipoondoka, funguo za stoo zikawa za Mama Kizibo. Wauzaji walipokuja, walipanga mezani chupa za majina makubwa na kuziacha nyingine ndani ya makasha. Yeye alizipita za mezani. "Nionyeshe zile unazoona haya kuzitoa," aliwaambia. Hivyo ndivyo tulivyopata mivinyo ya zabibu ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia: Cinsault, mwepesi, wenye harufu ya matunda mekundu, Mencía, unaokwenda vizuri na uyoga, na Saperavi, mweusi kama wino, unaoacha rangi kwenye meno. Aliiweka yote kwenye rafu ya chini kabisa, kwa kuwa rafu za juu zilikuwa zimejaa. Kila alipotaka chupa ilimbidi ainame. Ndiyo sababu magoti yaliomba uhamisho.

Naomba sasa kueleza kuhusu meza ya saa kumi, kwa kuwa ombi letu linaihusu.

Saa kumi alasiri, wageni wa mchana wakiwa wameondoka na wa jioni hawajafika, watu wa zamu hula kwenye meza ndefu iliyo kati ya jiko na stoo. Mama Kizibo aliweka utaratibu kwamba hakuna mvinyo utakaoingia kwenye orodha ya hoteli kabla haujaliwa pale, pamoja na chochote kilichobaki jikoni siku hiyo. Chupa huvishwa soksi ili jina lisimtishe mtu. Soksi ni ya mpishi mkuu, na mpishi mkuu ameapa mara nyingi kwamba haijawahi kuvaliwa. Kila mmoja hupata funda moja, na hutakiwa kutafuna kwanza. Wasiotumia kilevi, nikiwamo mimi, hunusa, hula, na huwatazama wenzao usoni. Yeye alishikilia kwamba uso hausemi uongo hata pale mdomo unapotaka kuwa na adabu.

Maneno yanayosemwa pale si ya kitaalamu. Kuhusu mvinyo mmoja, fundi wa mabomba alisema, "Huu umekaa kama shemeji anayekuja na begi." Watu walivunjika mbavu, lakini Mama Kizibo alielewa: ladha yake haikuisha mdomoni. Aliujaribu tena na nyama yenye mafuta, nao ukakubalika.

Hata makosa yetu yaliingia kwenye orodha kupitia meza hiyo. Siku moja ya joto kali, mtengeneza juisi aliona kasha la Cinsault mlangoni akadhani ni sharubati, akaliingiza kwenye jokofu la vinywaji baridi. Mchana likaja kundi la wapima ardhi, wamechoka na wana vumbi, wakaagiza samaki wa kukaanga na mvinyo mwekundu. Chupa zilitoka zikitoa jasho. Muda wa kuzirudisha kwenye joto lake haukuwapo. Mama Kizibo aliwaendea na kuwaambia waziwazi kwamba mvinyo umepoa kuliko inavyotakiwa, waonje, na wasipoupenda watapewa mwingine. Wakaonja. Mmoja wao akauliza kwa nini siku zote hizo walikuwa wakinyweshwa mvinyo wa moto.

Saa kumi ya siku iliyofuata tuliula baridi na samaki wa kukaanga, tukaridhika wote. Mvinyo ule hauna ukakasi mwingi, kwa hiyo baridi haikuufanya mkali, na samaki hakuuharibu. Ukaingia kwenye orodha, pamoja na agizo la kuwekwa jokofuni. Mtengeneza juisi hajatulia hadi leo. Kila mgeni anapousifu, yeye hupita karibu na kusema, "Mgunduzi yupo, mama, msimsahau kwenye bakshishi."

Yapo pia yaliyoshindikana mwanzoni. Saperavi ulikaa miezi mingi bila kuagizwa, kwa sababu wageni hawakutaka kulitamka jina wasilolijua mbele ya wake zao. Mama Kizibo akaandika upya orodha nzima kwa kufuata sahani. Badala ya jina, mgeni alisoma kwanza: mwekundu wa maini na vitunguu; mwekundu wa bilingani; mwekundu wa samaki, baridi. Jina lilifuata chini, kwa herufi ndogo. Mpishi mkuu alikasirika. "Dada, maini yangu hayahitaji mchumba," alisema. Akajibiwa, "Kaka, ulishawahi kuyauliza?" Kabla mwezi haujaisha, mpishi mwenyewe alikuwa akituma ujumbe kutoka jikoni kwamba maini yako tayari, na yule mweusi aletwe.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Mama Kizibo ameniruhusu kuandika haya, na ameyasoma.

Mwaka juzi aliugua homa kwa majuma kadhaa. Aliporudi, alikaa kwenye meza ya saa kumi, akainua glasi puani, akairudisha mezani. Akainua tena. Sote tulikuwa tukitafuna, kisha hatukuwa tukitafuna. Akasema, "Jamani, pua imestaafu kabla yangu." Alicheka peke yake. Harufu haijarudi hadi leo. Kahawa, sabuni, moshi wa jiko, hata shati la mumewe, vyote kwake ni sawa.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Badala yake, kesho yake alimwita dada wa kaunta, aliyekuwa akifungua soda na kupanga vikombe, akamketisha kando yake. "Mwanangu, wewe nipe harufu. Mimi nitakupa kinywa." Kwa maana ulimi wake bado ulihisi uchachu, ukakasi na uzito, mambo ambayo hayahitaji pua. Kwa miaka miwili wawili hao wameonja kama mtu mmoja. Dada husema, "Nasikia plamu, na kitu kama udongo uliolowa." Mama Kizibo hufumba macho, huzungusha funda mdomoni, na kusema, "Ukakasi upo. Tafuta nyama." Siku za karibuni dada hutaja nyama kabla hajaambiwa, na mwalimu wake hufumbua macho akakuta hana la kuongeza. Nimemwona akiwa amechoka siku hizo. Nimemwona pia akitabasamu kwa uchovu huohuo.

Tangazo lililobandikwa karibu na saa ya mahudhurio linasema kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, orodha ya mvinyo itatolewa na msambazaji mmoja, itakuwa na majina yanayofahamika pekee, rafu ya chini itaondolewa, na meza ya saa kumi itakuwa ya kula tu. Sababu zimeandikwa, nasi tunazikubali kuwa ni za kweli: kuagiza chupa chache za aina nyingi kunasumbua, msambazaji analeta majokofu bila malipo, na aliyekuwa akiongoza meza anaondoka.

Kuhusu sababu hiyo ya mwisho, kwa unyenyekevu, tunatofautiana na Uongozi. Aliyekuwa akiongoza meza anaondoka, lakini anayeiongoza yupo. Mivinyo yote mipya ya mwaka huu ilichaguliwa na pua ya dada wa kaunta, na wageni wameinywa bila kujua kwamba kuna kilichobadilika. Tangazo likibaki kama lilivyo, tarehe mosi dada huyo atarudi kwenye soda.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza Mama Kizibo angependa zawadi gani, alisema wasimnunulie saa, kwa kuwa hana pa kuwahi, wala seti ya glasi, kwa kuwa ameosha za kumtosha. Kisha akasema angependa kujua kwamba meza imebaki. Nilimshauri aliseme mwenyewe mbele ya Meneja Mkuu. Alikaa juu ya kasha, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. "Nimechoka kuomba, mdogo wangu," aliniambia. "Wewe unapenda kuandika. Andika."

Nimeandika.

Mama Kizibo, tunakushukuru kwa kutufundisha kutafuna kabla ya kusifu. Tunakushukuru kwa kuwapa wageni wetu vitu vizuri ambavyo wasingevitafuta, na kwa kuwalinda wasione haya kwa kutovijua. Tunamshukuru mumeo, fundi cherehani, aliyekula chakula cha jioni peke yake kwa miaka yote hii ili wengine wale na wewe ukiwahudumia. Mrudi nyote wawili nyumbani salama. Ukae kwenye kiti chenye mgongo, usishuke ngazi yoyote isiyo ya lazima, na kila utakachokula kiwe na mwenzake mezani. Tunakutakia siku za taratibu, afya ya kutosha, na watu wa kucheka nao.

Kwa Uongozi, kwa heshima zote: tunaomba uamuzi. Rafu ya chini na meza ya saa kumi ziendelee chini ya dada wa kaunta, au zifungwe. Jibu lolote kati ya hayo mawili tutalipokea. Tunaomba tu litolewe leo, hapa ukumbini, kabla mstaafu hajanyanyuka kwenye kiti chake.

Msimamizi wa stoo ya chakula,
kwa niaba ya wenzake.